Odilia Theuwissen na Sukumawiki ya Jaak

Padre wetu, ndugu waombolezaji, majirani wa Achterheide na nyote mliotoka mbali kuja kutushika mkono, mimi ni Firmin Bloemen, mkwe wa marehemu, mume wa binti yake Annemie, na familia imenipa jukumu la kusoma historia ya mama yetu kwa sababu watoto wake watatu wamekaa mezani tangu juzi wakashindwa kukubaliana iandikweje, Annemie akisema mboga za mama zilimkinga baba yao, Gust akisema ndizo zilizompeleka kaburini, na Lutgard, kitinda mimba, akisema kanisani si mahali pa kuzungumzia sukumawiki. Niliwasikiliza wote watatu, nikachanganyikiwa kuliko nilivyokuwa kabla ya kuwasikiliza, kwa hiyo ninachosoma hapa ni kile tunachokijua, pamoja na kile tusichokijua, kwa kufuata miaka ilivyokwenda.

Marehemu Odilia Theuwissen alizaliwa hapa Achterheide, katika nchi yetu ya mchanga ya Kempen, tarehe 9 Machi 1937, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Hubert Theuwissen na mama Philomena Daniëls, na katika hao saba amebaki mmoja tu, mama mdogo Bertha, ambaye tuko naye hapa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu. Mzee Hubert alikuwa mtu wa matanuru katika kiwanda cha zinki, alirudi nyumbani kope zimejaa vumbi, na kazi ya Odilia tangu akiwa mdogo ilikuwa kulikung'uta koti la baba nyuma ya nyumba, kwa kuwa mama Philomena hakuruhusu lile koti livuke mlango wa jikoni. Baba huyo alifariki kwa kifua tarehe 2 Desemba 1950, Odilia akiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuliogopa giza wala radi, aliliogopa vumbi.

Alisoma shule ya msingi ya watawa hapa kijijini kuanzia mwaka 1943 hadi 1951, masomo yakikatizwa kidogo katika vuli ya mwaka 1944 vita vilipopita barabarani kwetu, kisha akaenda shule ya maarifa ya nyumbani mjini, mwaka 1951 hadi 1954, ambako alifundishwa kushona, kupiga pasi, na kupika, na aliyemfundisha kupika ni mtawa mmoja aitwaye Sista Ludgarda, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyewaambia wasichana wa vijiji vya kiwanda, "Vumbi huingia kwa mtu kwa njia ya pua na mdomo, na kitu pekee kinachoweza kulifuata huko ndani na kulifukuza ni jani la kijani, kwa hiyo mkiolewa na watu wa matanuru, walisheni majani, hata wakinuna." Wasichana wengine walicheka, lakini Odilia alikuwa amemzika baba yake, hakucheka, aliyameza yale maneno mazima mazima.

Kuanzia mwezi Septemba 1954 alifanya kazi katika kiwanda cha sigara nene mjini, akisokota majani ya tumbaku pamoja na wanawake wengine ishirini kuzunguka meza moja, na wenzake waliosalia wanamkumbuka kama mtu wa mizaha aliyeweza kumuiga msimamizi akiwa amesimama nyuma yake. Ni huko kwenye sherehe ya kiwanda alikokutana na Jaak Kelchtermans, aliyezaliwa Achterheide tarehe 30 Juni 1934, mtu wa matanuru tangu akiwa na miaka kumi na mitano, mwembamba, mkimya, mvutaji wa sigara za kusokota mwenyewe, na mama yake Odilia alipopata habari alimwambia, "Mwanangu, wanaume wote hawa wa shambani umewaona, umekwenda kumchagua mwenye koti lile lile." Odilia alimjibu kwamba koti ni lile lile ila mpishi atakuwa mwingine. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 21 Mei 1960, wakajaliwa watoto watatu, Annemie mwaka 1961, Gust mwaka 1963 na Lutgard mwaka 1968, na leo ameacha wajukuu saba na vitukuu wanne.

Mwaka 1962 walihamia katika nyumba ya Barabara ya Zamani, ile yenye mlango wa kijani, yenye bustani ndefu nyuma yake, na hapa naomba vijana mnisikilize, maana jambo hili msipolielewa hamtaielewa historia hii. Ardhi yetu ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha toroli huzama hadi ekseli, na kiwanda kilikuwa kikitoa majivu ya tanuru bure kwa yeyote aliye tayari kuyakokota, kwa hiyo kila kaya iliyojiheshimu ilitandika uani kwake na kwenye njia za bustani majivu yale meusi, yakashindiliwa yakawa magumu kama sakafu, magugu hayakuota, tope halikushika, na Jumamosi jioni mwenye nyumba aliichana njia yake kwa reki ili Jumapili wapita njia waone mistari. Jaak aliyaleta majivu hayo kwa mkokoteni akisaidiwa na majirani, akatandika njia tatu katikati ya matuta, na mama Odilia alifurahi kiasi kwamba alitembea bustanini kwa ndara siku ya mvua, makusudi, ili mama Geusens wa jirani amwone. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini wakati ule hakuna aliyejua, si Jaak, si majirani, wala mimi niliyetandika ya kwetu nikiwa na baba yangu.

Katika bustani hiyo alipanda spinachi, liki, karoti na maharage, lakini nguvu zake zote alizielekeza kwenye sukumawiki, ile ya majani yaliyojikunja, inayostahimili baridi na kuwa tamu zaidi ikipigwa na theluji, na kila siku ya kazi, iwe zamu ya asubuhi au ya mchana, Jaak alitoka nyumbani na kopo lake la chakula lenye viazi vilivyopondwa pamoja na sukumawiki, kopo limefungwa kwa kitambaa ili lisipoe. Kiwandani watu walipewa maziwa, wakiamini maziwa hulaza vumbi tumboni, na Odilia hakuyakataa maziwa, ila alisema maziwa ni mlinzi wa lango na sukumawiki ni mlinzi wa ndani. Jaak aliporudi, kopo lilikuwa jeupe, halina hata punje, na Odilia alilinyanyua akalitazama kwenye mwanga na kusema, "Mume wangu ana hamu ya chakula, Mungu ashukuriwe." Siku za Jumapili alimpakulia mbele ya macho yake na soseji pembeni, na watoto wanakumbuka kwamba baba yao alikula polepole sana siku hiyo, soseji kwanza.

Watoto walipokua, kuanzia tarehe 1 Oktoba 1974 hadi alipostaafu mwezi Aprili 1997, marehemu alikuwa mpishi katika jiko la nyumba ya wazee ya hapa kijijini, kazi aliyoifanya kwa moyo wote, akiwa mkali kwa wenzake kuhusu kuosha majani na mpole kwa wazee waliopoteza meno, na wenzake wa jiko wamekuja leo kwa wingi tukawaona.

Sasa nafika mwaka 1986, ambapo mambo yalianza kuchanganyika. Kwa muda kulikuwa na minong'ono kuhusu maji ya visima, watu wa chuo kikuu walikuwa wamepita wakichukua udongo kwenye vijaluba na mkojo kwenye chupa, na asubuhi ya tarehe 17 Juni mwaka huo alifika kwenye lango la Barabara ya Zamani dada mmoja kijana kutoka idara ya afya, amevaa viatu vizuri, akasimama kwenye njia ya bustani na kumweleza Odilia kwamba udongo wa Achterheide una kadimiamu, madini yanayotoka kwenye zinki, yasiyoonekana wala kunusika, yanayokwenda kukaa kwenye figo za mtu bila kuondoka, na kwamba mboga za majani huyanyonya kuliko mazao mengine. Annemie wangu alikuwepo, amekuja kumsalimia mama yake, na mazungumzo hayo ameyarudia nyumbani kwetu mara nyingi hadi nimeyakariri.

"Kwa hiyo nisile mboga," mama alisema.

"Hapana, mama, mboga ni nzuri sana," yule dada alijibu. "Ule kwa wingi. Ila si hizi."

"Mbona shuleni tulifundishwa mboga ndizo zinazomkinga mtu na sumu?"

"Ni kweli, kwa kiasi fulani. Mtu anayekula majani akapata madini ya chuma ya kutosha, mwili wake hauipokei kadimiamu kwa urahisi."

"Na sukumawiki yangu ina hayo madini ya chuma?"

"Inayo."

"Na ina kadimiamu?"

"Inawezekana sana."

"Basi inamkinga mtu na nini, na yenyewe?"

Yule dada alitazama karatasi zake, akasema swali hilo atalipeleka ofisini, na mama Odilia akamuuliza hiyo kadimiamu imefikaje bustanini kwake wakati kiwanda kiko ng'ambo ya mfereji, na yule dada akasema kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba, "Mama, baadhi imeletwa na upepo. Nyingine ni hii tuliyosimama juu yake." Mama alitazama njia yake iliyochanwa vizuri, akaingia ndani akavaa viatu vya kutokea, na hakutembea tena kwenye njia hiyo kwa ndara.

Alikwenda kwa Daktari Verstappen, aliyekuwa daktari wetu wa kijiji, Mungu amrehemu, na daktari akamwambia asiogope, aweke chokaa kwenye matuta, avue viatu mlangoni, aoshe majani mara mbili, na asimwachishe Jaak mboga kabisa, kwa kuwa mtu anayevuta vumbi kiwandani na moshi wa sigara nyumbani anahitaji kila jani analoweza kulipata. Kwa hiyo mmoja alisema mpe, mwingine alisema usimpe, wote wawili wamesoma, na yeye mwenye sufuria alibaki katikati. Aliweka chokaa. Aliosha majani mara nne. Akaendelea kulifunga kopo kwa kitambaa, lakini, kama alivyokuja kutuambia baadaye, tangu siku ile hakuwahi kulifunga kwa furaha.

Jaak alistaafu mwaka 1990, figo zikaanza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 1992, alitibiwa kwa mashine ya kusafisha damu mjini kwa muda mrefu, akafariki nyumbani tarehe 3 Novemba 1995, akiwa na miaka sitini na mmoja. Daktari bingwa alisema figo zake zilikuwa zimechoka kwa mambo mengi, kiwanda, sigara, shinikizo la damu, na pengine chakula, na katika orodha hiyo yote mama yetu alisikia neno moja tu, la mwisho. Wiki hiyo hiyo aliing'oa sukumawiki yote, mizizi na yote, akaifungia kwenye mifuko kama mtu anayezika, na fundi wa mawe ya makaburi alipokuja kuuliza, kama ilivyo desturi yetu, jina la mjane lichongwe lini chini ya jina la mume, na mwaka wake wa kuzaliwa, na kistari cha kusubiri, alimwambia asichonge kitu.

Watoto walidhani ni huzuni ya siku za mwanzo. Haikuwa hivyo. Miaka ilipita, nafasi chini ya jina la Jaak ikabaki tupu, majirani wakaanza kusema ya kusema, wengine wakidai kwamba labda mama Odilia ana mchumba, na siku moja Gust alipomkabili, alimjibu mbele yetu sote, akiwa anamenya viazi, "Mpishi halali kitanda kimoja na aliyempikia sumu. Mtanizika kule kwenye ukuta wa makaburi, karibu na mama yangu." Gust alimwambia, "Mama, hukujua." Naye akasema, "Tangu themanini na sita nilijua nusu, na nusu hiyo niliendelea kuipika." Niseme wazi kwamba hapo nililia, mimi mkwe, nikajifanya ni vitunguu, na hapakuwa na kitunguu mezani.

Kwa hiyo jambo lililomtesa mama yetu kwa miaka ishirini na zaidi lilikuwa hilo tu, kama jani lilimkinga mumewe au lilimuua, kwa sababu mahali atakapolala siku zote palitegemea jibu hilo. Hakuna mkutano wa afya uliofanyika kwenye ukumbi wa parokia asihudhurie. Malori yalipokuja mwaka 2007 kuchimba majivu uani kwetu na kutuletea udongo mpya, alimfuata hadi msimamizi wao mwenye kofia ngumu na kumuuliza. Mwaka 2011 alikuja profesa mmoja mstaarabu, akatuonyesha michoro ukutani, akaeleza kwamba kwa jumla watu wanaokula mboga nyingi huwa na afya bora hata katika maeneo yenye sumu, ingawa mboga zinazoota katika udongo wenye sumu huongeza sumu mwilini, na kwamba mizani ya mambo haya mawili ni ngumu kupimwa. Mama Odilia alinyoosha mkono, akasimama na mkoba wake, akauliza kama sukumawiki ilimkinga Jaak Kelchtermans au ilimuua. Profesa akasema, "Mama, tukiangalia watu wengi kwa pamoja..." Akamkatiza, "Baba, sikuuliza watu wengi. Nimeuliza Jaak." Profesa alivua miwani, akasema, "Hilo sijui," na mama akamshukuru, akaketi, na njiani kurudi nyumbani akaniambia kwamba huyo angalau ana adabu.

Aliishi peke yake hadi miguu ilipomwishia nguvu, na tarehe 12 Septemba 2021 alihamia nyumba ya wazee, ile ile aliyoipikia, ambako mara ya kwanza alirudisha supu jikoni na maelekezo. Huko alimkuta mzee Mathieu Swinnen, mliyemwona akiingia leo na mkongojo wake, rafiki wa Jaak wa tanuru moja, mtu wa umri sawa na mama, mwenye mashavu mekundu, ambaye figo zake, kwa mujibu wa manesi, ni za kijana. Walizoea kukaa meza moja, wakicheza karata, wakitaniana.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi Januari 2023, adhuhuri, sisi tumekwenda kumtembelea, chakula kikawa viazi vilivyopondwa na sukumawiki. Mama aliisukuma sahani yake kando kama alivyofanya siku zote tangu Jaak afariki, mzee Mathieu akaivuta kwake bila kuuliza, akala, akafuta mdomo, akasema, "Si mbaya. Ila haifiki ya kwako, shemeji."

Mama aliweka karata zake chini. "Ya kwangu umeijulia wapi? Hujawahi kula kwangu."

Mzee Mathieu alitazama dirishani, na mimi niliyekuwa pale nawaambia kwamba sijawahi kuona mtu wa umri ule akitamani hivyo ardhi ipasuke immeze.

"Shemeji, mambo ya zamani hayo."

"Mathieu."

"Jaak alikuwa ananipa."

"Anakupa nini?"

"Kopo. Yeye alichukua mkate wangu. Jeanne wangu alikuwa ananiwekea mkate na soseji ya damu, mimi soseji ya damu siipendi, na yeye ile mboga alikuwa hawezi hata kuinusa. Basi tukabadilishana."

"Mara ngapi?"

"Kila siku, shemeji. Tangu nilipoingia tanuru mwaka sitini na mbili mpaka alipostaafu."

Wazee wa meza za jirani waligeuza viti, hata wale wasiosikia vizuri. Mama akauliza, kwa sauti ya chini, "Na kopo lilikuwa linarudi jeupe."

"Nililiosha mwenyewe. Alisema ukiona punje moja utajua, na ukisikia harufu ya soseji utatuua wote wawili."

Hakuna aliyecheka, ingawa sasa naona wengine mnacheka, na mnacheka kwa haki. Mama alimtazama Mathieu mashavu yake, mikono yake, kama anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akaomba arudishwe chumbani, na kwa siku nyingi hakumsemesha Mathieu, wala sisi, wala padre. Annemie alikuwa akimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani, midomo ikitembea, na siku moja akamsikia akifanya hesabu yake kwa sauti, kwamba kama lile jani lilikuwa sumu, basi Mathieu ndiye angekuwa kaburini na Jaak ndiye angekuwa hapa anakula supu mbovu, na kama lilikuwa kinga, basi Jaak aliitupa kinga yake kwa ajili ya soseji. "Lakini Jumapili alikula kwangu," alisema, "na Jumapili ni nyingi. Na Mathieu havuti sigara. Na Jeanne naye alikuwa na bustani yenye majivu." Akashika kichwa. "Annemie mwanangu, sijui nimlilie baba yako au nimchape. Kama nilikuwa na dawa, miaka yote ile nilimponya mume wa mwanamke mwingine."

Tuliwauliza madaktari, maana sisi pia usingizi ulituruka, na wakatuambia kwa upole kwamba mtu mmoja hai na mwingine marehemu si ushahidi wa chochote, kwamba huenda Mathieu alizaliwa na figo imara, na huenda mboga zilimsaidia, na huenda ameishi licha ya mboga hizo. Gust alichukua hilo la mwisho, Annemie akachukua la katikati, na kwenye meza ya chakula nyumbani kwetu bado hawajamaliza. Mimi nilimwendea mama nikamwambia kwamba sielewi, na yeye akanipigapiga mkono, akasema, "Hata mimi, Firmin, lakini siku hizi sielewi vizuri zaidi kuliko zamani."

Mzee Mathieu alikuja kumwomba radhi mlangoni kwake wakati wa Kwaresima, amevaa tai. "Shemeji, nisamehe." Mama akamuuliza, "Kwa kuila au kwa kuficha?" Akasema, "Kwa kuficha. Kwa kuila siwezi, ilikuwa tamu." Mama akamruhusu aingie, wakacheza karata, na tangu siku hiyo, chakula kikija na sukumawiki, alikula nusu, nusu akampa Mathieu, akimwangalia hadi amalize.

Moyo wake ulianza kulegea mwezi Oktoba 2023, alilazwa hospitali mara mbili, na wapimaji walipompima damu na mkojo kwa mara ya mwisho walituambia kwamba figo zake yeye, aliyekula kutoka sufuria ile ile maisha yake yote hadi mumewe alipofariki, zilikuwa zikifanya kazi vizuri kwa umri wake, jambo ambalo tunaliweka pamoja na mengine tusiyoyajua. Jioni ya tarehe 28 Januari 2024 aliwaita watoto wote watatu pamoja na mimi, akatuambia tumwite fundi wa mawe, lile jina lake lichongwe sasa, chini ya la Jaak, herufi za ukubwa ule ule. Lutgard alianza kulia, akamwambia, "Kwa hiyo umejua, mama, hukumuua." Mama akatikisa kichwa, akasema hajui, na hakuna anayejua, na aliyekuwa na jibu alikwenda nalo tumboni. Kisha akasema, "Nizikeni kwa Jaak. Nina maneno naye."

Alifariki dunia kwa utulivu tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na sita, Annemie akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali na wa nyumba ya wazee, na hasa wale waliothubutu kumwambia mama yetu kwamba hawajui, inawashukuru majirani wa Barabara ya Zamani walioleta keki, kahawa na viti, wenzake wa kiwanda cha sigara na wa jikoni, wanakwaya, fundi wa mawe aliyefanya kazi kwenye baridi akamaliza kwa wakati, na mzee Mathieu Swinnen, ambaye tunamshukuru pia, ingawa ndani ya familia hatujakubaliana ni kwa lipi.

Baba mkwe Jaak, umepumzika kwa amani miaka yote hii bila kuulizwa swali. Sasa mkeo anakuja. Na wewe, mama Odilia, sema naye kwanza, mpaka uridhike, kisha nawe upumzike kwa amani.